Magunia Mepesi ya Injinia Patroba

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Patroba Osiako anatundika mzani wa ndoana kwenye tawi la mpera nyuma ya nyumba ya Maurine Wanzala, nje kidogo ya mji wa Kakamega, upande wa kwenda Mukumu. Gunia la takataka linaning'inia. Mshale unatikisika, kisha unatulia kabla ya kufika kilo mbili.

"Ni hiyo tu?" Maurine anauliza, uso umemwiva kwa haya.

"Ni hiyo tu, mama. Na imetosha kabisa."

Anaandika daftarini kwa penseli. Kisha anarudi kwenye kigoda alichopanguziwa na kupokea kikombe cha pili cha chai. Leo ni siku ya saba ya kurudia kazi ambayo alikuwa ameshaimaliza.

Patroba, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, ni mhandisi. Huishauri serikali ya kaunti inunue malori mangapi ya taka, jaa liwe na ukubwa gani, na kila nyumba ilipe ada ya shilingi ngapi kwa mwezi. Hesabu zote hizo huanzia kwenye swali moja: mtu mmoja hutupa takataka kiasi gani kwa siku?

Ili kulijibu, alizunguka nyumba sitini kwa siku nane. Siku ya kwanza haihesabiwi, maana gunia lake huwa na uchafu wa siku zilizotangulia. Jibu lilikuwa gramu mia sita na ishirini kwa mtu. Yaani malori matano, na ada ya shilingi mia tatu kwa kila nyumba.

Ripoti ilipokwisha kuandikwa, alirudi kuwashukuru wenyeji. Maurine, anayeuza mandazi karibu na shule ya msingi, alimcheka.

"Injinia, ile wiki ulitutesa! Takataka tulitafuta mpaka tukachoka."

"Mlitafuta vipi?"

"Si ulikuwa unakujanga na gunia? Sisi maganda tunapeanga ng'ombe, mabaki ni ya kuku. Sasa ungetoka kwangu na gunia tupu, majirani waseme nini? Nikafagia uwanja, nikaweka mchanga na majani ya ndizi. Mama Tyson hapo alikuwa ananikopesha ya kwake."

Patroba aliacha chai nusu. Alipita nyumba kumi na moja siku hiyo, na katika tisa aliambiwa vivyo hivyo, kwa kicheko na bila kinyongo.

"Walinihurumia," anasema kwa sauti ya chini. "Waliona mzee anatembea peke yake juani, anaomba uchafu. Kila mahali walinikaribisha chai nikakataa, eti nina haraka. Basi wakanipa nilichoomba, na wakajaza."

Alimpigia simu mkubwa wake katika kampuni iliyompa kazi. Akajibiwa kwamba ripoti imeshachapwa, inakabidhiwa Jumatatu, na hakuna atakayejua.

"Maurine atalipa mia tatu kila mwezi kwa ajili ya mchanga wa uwanja wake," Patroba alimwambia. "Mimi nitajua."

Mkubwa wake alimpa siku kumi, bila malipo. Akaongeza kwamba asitegemee kuitwa tena.

Safari hii Patroba hakatai kitu. Kwanza anakula, ndipo anapima. Mwenyeji akishatoa kikombe cha uji au kiazi kitamu, moyo wake unatulia, na gunia linaachwa lilivyo. Patroba anaposhiba mno, wenyeji humfungia kiazi kwenye gazeti aende nacho. Kwa mzee mmoja asiyekuwa na chochote jikoni, alipewa maji ya kunawa uso na taulo safi iliyokunjwa.

Jioni hurudi kwenye chumba alichopanga mjini. Mkewe, Jael, alizikwa nyumbani kwao Musanda miaka minne iliyopita. Watoto wawili wako Nairobi, na hupiga simu Jumapili.

"Ugali wa mtu mmoja hauivi vizuri," anasema. "Unga ni kidogo, unashika sufuria. Siku hizi nakula viazi vya watu, nawataja mmoja mmoja nikila. Hiki ni cha fulani, hiki ni cha fulani."

Hesabu mpya inaelekea gramu mia tatu na themanini. Malori matatu yatatosha, na ada itashuka hadi shilingi mia na themanini. Maurine akiambiwa hayo anapiga makofi, kisha anamkazia macho mgeni wake.

"Na wewe, Injinia, kesho ukimaliza?"

Patroba anatazama ndani ya kikombe.

"Kesho nikimaliza sitakuwa na sababu ya kubisha hodi kwa mtu."

Lakini ameongeza aya moja kwenye ukurasa wa mwisho wa ripoti. Inasema takataka ya msimu wa mvua huwa nzito zaidi, kwa hiyo upimaji urudiwe kila mvua inapoanza, nyumba kwa nyumba, na mtu anayetembea kwa miguu, asiye na haraka.

"Ni ukweli wa kihandisi," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anatabasamu. "Jina la mtu sikuandika. Ila wakiuliza nani anazijua hizo nyumba, nipo."

Maurine anamwongezea chai bila kumuuliza.