Hilo Lina Mtu

Shangazi yangu ameshona viti vya magari ya watu tangu mimi sijaota meno, na hajawahi kukalia hata kimoja mpaka mwisho wa safari. Mwenyewe husema hivyo bila kuuma maneno, huku akipitisha uzi kwenye sindano. Karakana yake ni chumba kimoja chenye cherehani nzito, marundo ya sponji, na pazia la turubai badala ya mlango. Hakuolewa, na ukimuuliza sababu atakuuliza wewe uliyeolewa umepata nini. Mimi niliolewa, nikaachika, kwa hiyo siulizi.

Ana mtindo wake wa kazi. Hakati kitambaa mpaka mwenye gari akae. "Kaa nikuone," humwambia mteja, awe tajiri au dereva wa lori, kisha hukizunguka kiti taratibu akitazama mtu anaegemea wapi na uzito anauweka upande gani. "Sogea kidogo. Hapo hapo." Viti vyake havichoshi mgongo, na watu huvifuata kutoka mbali.

Basi mwaka alioanza kuvaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza, akatangaza kwamba anataka gari la zamani, linalovuta kwa magurudumu yote manne, alitengeneze mwenyewe: kitanda nyuma, hema juu ya keria, jiko la gesi mlangoni. Apite njia za vumbi, alale anapochoka. Nilidhani ni utani. Alipoanza kupima mbao za kitanda nikajua hatanii, nikamwambia jambo moja tu: peke yako huendi. Mtu wa umri ule akianguka porini, nani atamwokota? Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki; sina mwingine.

Akanitazama juu ya miwani. "Sawa. Sitakwenda peke yangu."

Nikalichukua neno hilo kuwa ni ahadi, na kwamba wa kwenda naye ni mimi.

Tukaenda kwenye yadi ya magari makuukuu. Mimi nauza vipuri, kwa hiyo huchagua gari kwa kulala chini yake; shangazi huchagua kwa kulikalia. Tulibishana njia nzima. La kwanza lilikuwa jeupe, limepambwa kama bwana harusi, lakini nilipoigusa chasisi kwa bisibisi, bisibisi ikazama. Kutu tupu. La pili lilikuwa baya kwa sura, ila chuma kizima, difu za mbele na nyuma hazivuji mafuta, na gia ya kupandia milima inaingia bila kelele. Nikamwambia shangazi ndilo hili, tumemaliza.

Hakuwa ananisikiliza. Alikuwa ameshafika ukutani, kwenye gari la kijani lililoegeshwa mbali na mengine.

"Hilo lina mtu, mama," dalali akamwambia.

"Amelilipia?"

"Hajalilipia."

"Ameacha hata neno?"

"Hakuna."

"Basi halina mtu," shangazi akasema, akafungua mlango.

Dalali akarudi nyuma hatua moja. Madalali ndivyo walivyo, hukwambia gari lina mtu ili uharakishe, nami nikamwona mjanja. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba hakuwa na sura ya mtu anayetaka kuuza.

Shangazi alikuwa anapapasa viti. "Mwenye gari alikuwa anasafiri na nani?"

"Peke yake. Mzee mmoja, miaka yote. Alifia kitandani kwake, si humu," dalali akasema haraka, ingawa hakuna aliyemuuliza hilo.

"Peke yake," shangazi akarudia, kisha akaniita nione. Kiti cha dereva kilikuwa kizima. Cha abiria kilikuwa kimebonyea mpaka chini, zaidi upande wa mlangoni, na pale pa kuegemeza kichwa pamelika. "Huyu anakaa kaegemea dirisha," akasema. "Mrefu. Anapenda kutazama nje."

Alimsema kama mtu aliyepo. Nikaona ni ulimi tu umeteleza. Nikaingia chini ya gari kutafuta sababu ya kulikataa, sikuipata. Chasisi yake ilikuwa safi kuliko zote.

Tukalileta nyumbani. Mimi nikashika breki na springi, yeye akashika viti. Asubuhi moja nikamkuta amesimama mbele ya kiti cha abiria, mikono kiunoni. Sponji mpya aliyoiweka jana yake ilikuwa imebonyea, palepale. Nikaenda kumtolea uvivu muuza sponji, nikamwita mwizi mbele ya wateja wake, nikarudi na ile ngumu ya malori. Shangazi akaiweka, akafunga gari kwa ufunguo. Kesho yake ilikuwa imebonyea vilevile. Nikaweka kiganja. Kiti kilikuwa na joto, lile joto la kiti alichoinuka mtu sasa hivi, na gari lilikuwa kivulini.

Nikasema tulirudishe. Nilisema kwa sauti ya chini kwa sababu niliogopa kusikiwa, na sikutaka kujiuliza nasikiwa na nani.

"Limekosa nini?" shangazi akauliza.

"Shangazi, umekishika hicho kiti?"

"Nimekishika. Kosa ni langu. Nimekata kabla ya kupima."

Siku chache baadaye nilifika mchana na betri mpya begani. Nje ya pazia nikamsikia yuko na mteja. "Kaa nikuone," alikuwa anasema, kwa sauti laini ambayo wateja hawapewi. Kimya. "Sogea kidogo. Hapo hapo. Mguu usiuonee haya, unyooshe." Nikangoja kwa adabu amalize. Kimya kilipokuwa kirefu nikafunua pazia.

Shangazi alikuwa amepiga magoti kando ya kile kiti, amekishusha sakafuni, tepu ya kupimia shingoni, chaki mkononi. Hapakuwa na mtu mwingine, na chumba kile hakina mlango wa pili. Sponji ilikuwa inainuka polepole, kama mto wa kulalia uliotolewa kichwa. Nilisahau kwamba nimebeba betri mpaka bega lilipouma.

Baada ya hapo kiti hakikubonyea tena.

Alipomaliza kitanda, akashona godoro la kukunja na mito miwili. Wa pili nikajua ni wangu, na ule mto ndio uliozuia nisikimbie. Nikajiambia kwamba nikiwa ndani, chochote kilichomo kitakuwa na watu wawili wa kupambana nao. Jambo moja tu sikuliona, mimi ninayejifanya kuona kila kitu. Siku zote zile shangazi hakuniambia hata mara moja nikae anione.

Asubuhi ya safari nikaja na begi langu, nimeaga dukani. Alikuwa ameshakaa kwenye usukani, miwani yote miwili usoni. Nikafungua mlango wa kushoto.

"Hapo pana mtu, mwanangu."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama tunavyoambiana popote penye viti, mwenzio akiwa ameinuka mara moja kununua maji.

"Nitakaa nyuma," nikasema.

"Nyuma ni pa kulala."

"Uliniahidi hutakwenda peke yako."

"Na siendi peke yangu." Akashuka, akazunguka, akanikumbatia kwa nguvu. Kisha akaufunga ule mlango mwenyewe, taratibu, kama unavyomfungia mtu ukichunga asibanwe vidole.

Gari lilipoondoka, niliona limelalia kushoto. Springi zile nilizifunga mimi, mpya, pande zote mbili.

Niliogopa, sikatai. Lakini kilichoniuma si hicho. Mwisho wa barabara, kabla ya kukata kona, nilimwona shangazi amegeuza uso upande wa abiria, anacheka, ananyamaza kidogo kusikiliza, anacheka tena. Miaka yote aliyonilea, sijawahi kumchekesha namna ile.