Mpishi Aliyebaki Mlimani

Mimi si mtu wa kulia. Tulipomzika kaka yangu mwaka jana kule mlimani Nkoaranga, mimi ndiye niliyekuwa msemaji wa familia. Nilisimamia maturubai na viti, nikaelewana na kwaya, nikawakatiza waliotaka kugeuza salamu za rambirambi kuwa hotuba, nikasoma wasifu wa marehemu mwanzo hadi mwisho bila sauti kutetereka. Watu walinipongeza. Walisema nimejikaza, na kwetu hiyo ni sifa kubwa kwa mwanamume aliyefiwa. Mama peke yake hakunipongeza. Aliniangalia mara moja tu, akageuza uso.

Kaka ndiye aliyebaki nyumbani. Mimi nilisomeshwa, nikapata kazi ya ofisini kwenye shamba moja la maua Usa River, nikajenga Tengeru. Yeye alibaki na mama, kahawa, migomba na ng'ombe, na kila nilipopanda kuwasalimia nilikuta kila kitu kipo mahali pake. Sikuwahi kujiuliza nani anayekiweka.

Sasa, nina kikundi changu cha wasomaji. Tunakutana Jumamosi moja kila mwezi, asubuhi, ghorofani kwenye mgahawa mmoja mjini Arusha, tunakunywa chai na kubishana juu ya kitabu. Mwenyekiti wetu ni mwalimu mstaafu, mama wa Kichaga asiyependa upuuzi. Yupo kijana mmoja wakili anayependa sana kusikika, na yupo mfamasia ambaye hajawahi kuwahi hata siku moja. Wengine wanakuja na kupotea.

Mwezi ule tulisoma riwaya ya vita, ya nchi ambayo haipo duniani, yenye wachawi wachache na wanajeshi wengi, nene kiasi cha kuzuia gurudumu la lori lisirudi nyuma. Wakili aliipenda kupita kiasi. Alisifia ramani, alisifia ngome inavyozingirwa, alimsifia jemadari mpaka ukadhani wamesoma pamoja. Mwalimu alilalamika kwamba majina hayatamkiki na kwamba watu wanakufa kwa maelfu bila hata mmoja kuwekewa matanga. Alisema hajui ni watu wa namna gani hao wanaotoka vitani na kwenda moja kwa moja kwenye sura inayofuata.

Tukafika kwenye kisa cha mlimani. Jeshi limezingirwa, chakula kimekwisha, na jemadari anaamua kuwaondoa watu wake kimyakimya kwa njia ya nyuma. Anamwacha mtu mmoja tu, mpishi wa kikosi, aendelee kuchochea mioto ya kambi ili adui aone moshi na kudhani jeshi zima bado lipo. Mpishi anazunguka peke yake, moto hadi moto, akiongeza kuni. Jeshi linaokoka, linaimba, linapewa nishani. Mpishi anapewa nusu sentensi.

Wakili alisema hiyo ndiyo mbinu safi kuliko zote kitabuni, na hasara yake ni ndogo mno. Nilikasirika. Nikaweka kikombe chini, nikamuuliza kama yupo hata mmoja aliyerudi kumwambia yule mpishi kwamba wenzake wamefika salama. Nilitaka kuendelea, maneno nilikuwa nayo. Badala yake ilitoka sauti ambayo sijawahi kuisikia kwangu, na kabla sijajua nimeinamia meza, nalia kwa kwikwi mbele za watu, mwanaume mzima mwenye mvi. Mhudumu alisimama na chupa ya chai mkononi, hajui amimine au aondoke. Ningeweza kuingia chini ya meza, ningeingia.

Wakati huo huo mfamasia ndiyo anaingia. Haya nayasimulia kama nilivyoambiwa baadaye, maana mimi nilikuwa nimefunika uso. Alikuta watu wamenyamaza na mimi katika hali ile, na kwetu mtu mzima akilia hivyo hadharani, basi kuna aliyefariki. Alimwinamia mwalimu, akamuuliza kwa sauti ya chini ninamlilia nani.

"Yule aliyebaki mlimani," mwalimu akamjibu.

Mfamasia anafahamu kwamba mama yangu anaishi Nkoaranga, kule mlimani, na kwamba tangu kaka afariki amebaki peke yake. Hakuuliza zaidi. Alitoka nje kwa heshima zote, akaandika kwenye simu kwamba mwenzetu amefiwa na mama yake mzazi, tumuombee. Ujumbe ukahama kutoka kundi moja la simu hadi jingine.

Mimi nilijua nini? Nilikwenda maliwatoni kunawa uso, nikashuka kwa ngazi za nyuma, nikazima simu nisije nikapigiwa na mtu wa kunipa pole kwa ajili ya riwaya. Nilipofika Tengeru nilikuta majirani wanapanga mabenchi uani na mke wangu amejifunga khanga kichwani, macho mekundu. Aliniuliza kwa nini nimezima simu siku kama hii. Nikamuuliza siku gani. Aliponiambia, nilikaa kwenye benchi mojawapo nikabaki hapo, mpaka mtoto wa jirani alipompigia mama na mama akapokea mwenyewe, akauliza nani tena.

Nilipanda Nkoaranga mchana ule ule. Majirani wa mama walikuwa wameshamfikia na sukari na unga, wakamkuta anachambua kahawa. Aliwapikia chai kwa sukari yao wenyewe. Wote walikuwa wanacheka, na mimi nikacheka nao kwa sababu sikuwa na sura nyingine ya kuvaa. Nilimwamkia mama shikamoo, akaitikia, akaniwekea kiti. Hakucheka. Alisubiri wageni waondoke.

"Wamesema ulilia mpaka ukashindwa kusema," aliniambia. "Kwamba nimekufa, nilijua ni uongo. Hilo la kulia nilitaka liwe kweli."

"Ni kweli nililia, mama."

"Ulinililia mimi?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ningeweza hata kumtaja kaka, na pengine usingekuwa uongo mtupu. Lakini mama yangu ananijua, na sikutaka kumdanganya juu ya kitu alichokingoja mwaka mzima. Nikamwambia nilimlilia mtu wa kitabuni, mpishi wa jeshi. Nilipolitamka neno mpishi niliona aibu hadi masikioni.

"Alikuwepo kweli, huyo mtu?"

"Hapana. Ametungwa tu."

Mama aliokota punje moja ya kahawa mbovu, akaitupa. "Kumbe machozi unayo," alisema. "Siku ile ya kaka yako nilidhani Mungu hakukujalia, nikakusamehe."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningejitetea, maana kujitetea naweza. Aliinua uso akaniangalia machoni, akangoja, na nilijua anangoja nini. Nilitaka kumpa. Nilimfikiria kaka na mabuti yake ya mpira, kaka akinifungashia ndizi kila nikiondoka. Mwishowe, Mungu anisamehe, nikajaribu kumfikiria hata yule mpishi. Macho yangu yalibaki makavu. Mama alingoja mpaka ng'ombe akalia bandani, ndipo akainuka, akachukua panga na kwenda kumkatia majani.