Buibui Wenye Miguu Iliyonyooka

Mwalimu wa chekechea wa binti yangu ana gundi iliyokauka vidoleni na sauti ya kubembeleza paka. "Haya wanangu, kila mtu atengeneze buibui wake, kwa mikono yake!" Watoto wakitoka kucheza, yeye hubaki na mkasi akinyoosha miguu ya karatasi na kuhamisha macho yaliyokaa upande, mpaka buibui wote wafanane kama mapacha. Siku ya wazazi tulisimama mbele ya ukuta uliobandikwa buibui hao tukisifu vipaji vya wanetu. "Kazi ya mikono ya watoto hiyo," alisema, mikono yake mwenyewe kaificha mfukoni. Binti yangu alimkagua buibui mwenye jina lake, akaenda kwenye pipa la taka, akaibuka na kitu cheusi chenye miguu mitatu. "Mama, wangu ni huyu. Anacheka." Mwalimu alimtazama buibui yule, na mkono ukatoka mfukoni wenyewe, umeshika mkasi.