Mwizi Aliyeiba Daraja

Karanga za kukaanga zikifungwa zingali moto katika karatasi iliyochapwa kwa rangi, mafuta yake hupenya wino, na hapo hutoka harufu moja ambayo sijaikuta mahali pengine duniani. Na nimetembea, msifikiri sijatembea: nimefika Butembo, nimefika Bukavu, na mwaka mmoja nusura nifike Kisangani. Juzi hapa Birere, mtaa wetu wa Goma, muuzaji alinifungia karanga zangu kwa ukurasa wa gazeti la rangi, na kabla sijatafuna hata moja nilikuwa nimesharudi kuwa mtoto wa miaka tisa, mkonde kiasi kwamba mvua ikinyesha ilinipita kushoto na kulia bila kunilowesha.

Basi sogeeni niwasimulie, maana habari hii ni ya yule mwenye nguvu kuliko wote waliowahi kuchorwa kitabuni. Mimi nilimfahamu vizuri sana. Nilikuwa yeye.

Ilikuwa ile miaka ya hamsini, Wabelgiji wangalipo. Goma yetu ilikuwa ndogo, ukipiga chafya kando ya ziwa, mtu wa mwisho wa mji anakujibu pole. Wazazi wangu walikuwa wameshuka kutoka upande wa Butembo. Baba alikuwa fundi wa nyumba za mbao, na ya kwetu pia ilikuwa ya mbao, imekaa juu ya mawe meusi ya volkano kama kuku juu ya mayai. Jirani yetu alikuwa Mama Nyiramana, mwanamke wa Kibumba, kule juu kwenye baridi, muuza karanga. Mume wake alikuwa mpishi katika nyumba moja ya Wazungu kule ziwani, na watoto wa nyumba ile walikuwa wakiletewa vitabu vya picha kutoka Ulaya. Wakishavichoka walivitupa, mpishi akaviokota, na Mama Nyiramana akavichana ukurasa kwa ukurasa kufungia karanga.

Kwa hiyo sisi tulisoma kitabu kwa kula. Ukitaka kujua yaliyotokea, nunua karanga. Na kurasa hazikuja kwa mpango: leo unapata mwisho, kesho katikati, keshokutwa tangazo la sabuni, nasi hiyo sabuni tuliiingiza katika hadithi bila shida yoyote. Yale maneno yaliyokuwa yakitoka vinywani mwa watu ndani ya viwingu vyeupe hatukujua ni maneno. Tulidhani Ulaya kuna baridi, na watu wakifungua midomo wanatoa mvuke, kama Kibumba asubuhi.

Mfasiri wetu alikuwa Kasereka, mtoto wa baba yangu mdogo. Alikuwa amenizidi miaka miwili na alikuwa anasoma shule, mwaka wa pili. Mimi masista walinifundisha katekisimu na kushona, kisha mama akanirudisha nyumbani kubeba maji. Kasereka ndiye aliyetufunulia kwamba vile viwingu vilikuwa Kifaransa. Kifaransa chake chote kilikuwa meza, kiti na dirisha, lakini alikitumia kwa ujasiri wa askofu. Alitazama ukurasa, akakunja uso, akasema, "Hapa anasema iko nyuma ya meza," na sisi tukatikisa vichwa.

Katika kurasa zile walikuwapo watu wawili wakubwa. Mmoja alikuwa mnene, mwenye suti nyeupe na masharubu yaliyopindwa, amekaa nyuma ya meza pana kama uwanja wa mpira. Ukutani mwake palikuwa na ramani. Makarani walisimama mbele yake wakitetemeka, naye ananyoosha kidole na watu wanakimbia kutii. Huyo hatukuhitaji kumjadili. Mtu mwenye meza, ramani na makarani, katika Goma ya wakati ule, ungemwita nani? Tukamwita Direkta, na tukajua ndiye mwema.

Wa pili alikuwa amefunga kitambaa cheusi usoni. Hapo tu kesi yake ilikuwa imekwisha. Halafu alivaa nguo ya kubana mwili mzima, na watoto wote wa Birere walijua ni kwa nini: ukimkamata, asishikike. Wezi wa kwetu walijipaka mafuta, yeye akafanya ya kizungu. Mgongoni alikuwa na kitambaa kirefu chekundu, bila shaka cha kufungia mali za watu. Aliingia kwa madirisha, alitembea juu ya mabati, na kila alipotokea watu walipanua midomo na kumnyooshea vidole. Tukamwita Mwizi Kitambaa. Kwamba alikuwa anaruka angani haikutushangaza. Mwizi hodari atafanyaje?

Kila jioni, tukimaliza kazi za nyumbani, tulicheza ukurasa wa siku ile. Kanuni ilikuwa moja: picha ndiyo sheria. Direkta alikuwa Bahati, mdogo wake Kasereka, kwa sababu alikuwa na tumbo, ingawa lilikuwa la minyoo kuliko la utajiri. Kasereka alikuwa polisi. Na Mwizi Kitambaa, kila siku ya Mungu, alikuwa mimi.

"Juu ya nini mimi kila siku?" nilimuuliza sababu.

"Juu weye uko mukonde," akasema Kasereka. "Mwizi munene ulimuona wapi? Atapita dirisha gani?"

Nikafungwa uso kwa kipande cha bitana ya koti kuukuu la baba, kimetobolewa matundu mawili. Nikafukuzwa, nikakamatwa, nikafungwa kwa kamba ya mgomba kwenye nguzo ya nyumba yetu, na Bahati akanihutubia juu ya ubaya wa wizi mpaka mama akaniita kula. Nadhani hakuna mtu aliyehukumiwa mara nyingi kama mimi katika Kongo nzima. Nilitamani kitu kimoja tu: ukurasa ambao Mwizi anashinda. Nikiupata, sheria itanilinda, na baada ya kushinda nitawatupia kitambaa chao wamtafute mkonde mwingine.

Nikaanza kumchambulia Mama Nyiramana karanga zake. Malipo yangu yalikuwa konzi moja ya karanga, na ruhusa ya kuchagua karatasi. Nilichagua kama mtu anayechagua mchumba. Na siku moja nikaupata.

Ulikuwa ukurasa wenye picha moja kubwa. Daraja la mawe limepasuka. Chini yake yuko Mwizi Kitambaa, mikono juu, shingo imekaza, na pembeni watoto na wanawake wanakimbia midomo wazi. Juu kabisa, kwenye kona, Direkta anatazama kwa darubini. Niliukimbiza kwa wenzangu huku karanga zikimwagika njiani, na mjue kwamba sikurudi kuziokota.

Kasereka aliutazama sana. "Anaangusha daraja," akatoa hukumu. "Ona batu banakimbia."

"Anaangusha namna gani na iko chini yake?" nikasema. "Weye ukitaka kuangusha nyumba, unaingia ndani kwanza?"

Bahati akacheka. Kasereka akamkazia macho.

"Angalia miguu yake," nikaendelea, maana katika jambo hili nilikuwa na elimu: kila asubuhi nilipanda kutoka ziwani na bido, lile dumu la maji, kichwani. "Vidole vimefunguka. Magoti yamekunjika kidogo. Ona shingo. Ule haangushe kitu. Ule anabeba."

Nikasimama kama yule wa kwenye picha. Wakanitazama mimi, wakatazama ukurasa, wakanitazama tena. Nikajiona nimeshashinda.

"Sawa," akasema Kasereka polepole. "Anabeba. Sasa niambie: mutu anabeba kitu yenye haiko yake, tunamuitaka nani?"

"Mwizi!" akapiga kelele Bahati.

"Bon, basi," akasema Kasereka. "Anaiba daraja."

Jamani! Nilifungua mdomo, hakikutoka hata kile kiwingu cheupe. Kilichonimaliza ni kwamba hata mimi niliamini.

"Daraja muzima!" Bahati alishika kichwa. "Ataiweka wapi?"

"Kwao," akasema Kasereka, lakini sauti yake ilikuwa imebadilika. Alikuwa anamtazama Mwizi Kitambaa kama mtu anayetazama Nyiragongo, volkano yetu, ikiwaka.

Maana fikirini wenyewe. Wezi wa Goma waliiba kuku. Mkubwa wao aliwahi kuiba baiskeli, na watu waliongea habari zake mwezi mzima. Sasa huyu anaiba daraja, mchana, watu wakiona, na yule Direkta na makarani wake wote anaweza tu kutazama kwa darubini! Kesho yake jioni nilipofika uwanjani, Kasereka alikuwa amesimama, mkono ameunyoosha.

"Leta kitambaa. Leo mimi ndiye mwizi."

Ndicho nilichokuwa nimekiomba, sivyo? Nilikuwa nimechambua karanga hadi kucha zikawa nyekundu ili nikivue kile kitambaa. Lakini nilijikuta nimekishika kwa mikono miwili.

"Ata!" nikasema. "Wakati alikuwa wa kufungwa kwa nguzo, alikuwa wangu. Leo anabeba daraja, iko wako?"

"Weye uko mwanamuke."

"Na nani alikuambia kama alikuwa anabeba? Haiko mimi?"

Tuligombana mpaka Mama Nyiramana akatufukuza barazani kwake kwa mwiko. Mwisho Bahati, ambaye alikuwa Direkta na alichukua kazi yake kwa uzito, akakata shauri: kitambaa ni cha atakayebeba. Bido ya chuma, ile kubwa ya mafuta, si ndogo yangu ya kila siku. Ijazwe ziwani, ipandishwe hadi baraza la Mama Nyiramana, bila kuiweka chini. Anayeiweka, kitambaa si chake tena.

Kesho yake asubuhi tulishuka. Kasereka alitangulia. Sasa, mvulana wa kabila letu la Kinande kubeba maji kichwani mbele ya wanawake wa Goma yote, hilo pia lilikuwa jambo la kishujaa, nakiri. Walimwona wakaacha kufua.

"Eh, Kasereka, umeolewa?"

"Bwana yako ni nani, mama? Atupatie mahari!"

Alipanda na masikio yakimwaka moto. Alipofika kwenye mawe makali, bido ikaenda kushoto, yeye akaenda kulia, na maji yote yakamwogesha kuanzia utosini. Wanawake walicheka hadi nadhani samaki walisikia.

Ikawa zamu yangu. Wanawake wawili walinitwika. Ile bido ilikuwa nzito kama ng'ombe mwenye mimba, na ng'ombe mwenyewe amemeza jiwe. Hatua za kwanza zilikwenda. Kwenye mwinuko mawe yakanikata nyayo, shingo ikaingia mabegani. Na njia ilikuwa imejaa watu wanaoshuka: mabibi na mitungi, mbuzi, mzee na baiskeli yake. Kumpisha mtu mmoja tu kungenimaliza. Nilitaka kusema "nipisheni", nilitaka kusema "ninaanguka", lakini meno yalikuwa yameshikana. Na mama alikuwa ametuzoeza kutolalamika chini ya mzigo. Alikuwa akisema, "Ukilia utaongeza maji, na maji imeshatosha." Nikajua hapa ndipo nitakapoiweka bido chini.

Ndipo Kasereka akanipita. Alikuwa angali anachuruzika. Alikuwa na sababu zote za kuniacha nianguke, maana tungelingana, na kitambaa kingebaki hakina mwenyewe. Akakimbia mbele yangu, akapanua mikono njia nzima, akapiga kelele kwa sauti ya kuamsha volkano:

"Pisheni! Pisheni, batu ya Mungu! Mwizi anapita! Haraka, amechoka, hawezi kushika tena!"

Watu wakaruka pembeni. Mbuzi wakaruka. Yule mzee akaingia na baiskeli yake katika maharage ya mtu, akiuliza, "Mwizi iko wapi? Iko wapi?" Mimi nikapita katikati, sioni kitu, nafuata tu ile sauti, mpaka nikasikia harufu ya karanga na mikono ya Mama Nyiramana ikanitua.

Kasereka mwenyewe ndiye aliyenifunga kitambaa usoni. Alikifunga vizuri, bila kuvuta nywele. Ule ukurasa mama aliubandika kwa uji wa muhogo kwenye ubao uliokuwa unapitisha upepo karibu na kitanda changu, ukakaa hapo miaka mingi, ukawa wa njano kwa moshi.

Nikakua, nikaolewa, nikazaa. Na watoto wangu walipoanza kunificha siri zao kwa Kifaransa, nikajiandikisha masomo ya jioni. Nilikuwa mama mzima, magoti yangu yanagonga dawati, mwalimu angeweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Nikasoma hadi nikapata cheti changu, na siku zile nilisoma kila kitu: makopo, mabango, magunia ya chumvi. Jumapili moja nikaenda kumsalimu mama, nikaingia chumbani kuweka mtandio, nikasoma ukuta.

Pale kwenye kona, Direkta wetu, na darubini yake, alikuwa anawaambia makarani: bado kidogo daraja litaanguka lote, na hao walio chini hatabaki hata mmoja. Nikasoma tena. Nikakaa kitandani. Kisha nikasogea hadi pua ikagusa ubao, nikasoma kile kiwingu cha Mwizi Kitambaa, neno kwa neno, kama mwalimu alivyotufundisha. *Vite*: upesi. Nikaenda hadi mwisho: Upesi, piteni, siwezi kulishika tena kwa muda mrefu.

Nilicheka hadi mama akaja mbio kutoka jikoni.

"Kahindo, ni nini?"

"Mama, nilikuwa mutu muzuri!"

"Na nani alisema ulikuwa mubaya?" akasema, akarudi kwenye sufuria yake.

Nilipomwambia Kasereka, ambaye siku hizi ni mfanyabiashara wa maharage mwenye tumbo la Direkta kabisa, alifikiri kidogo, akasema kwamba mwizi yeyote akikamatwa na daraja angesema hivyohivyo. Hajakubali mpaka leo, na mimi simlazimishi.

Kwa sababu kilichonikalisha kitandani siku ile si kugundua kwamba nilikuwa shujaa. Ni lile neno la mwisho. Yule mwenye nguvu kuliko wote, anayeruka angani, anayebeba mawe ya daraja kwa shingo yake, alikuwa amefungua mdomo mbele ya watu akasema amechoka. Miaka yote ile niliyolala chini ya picha yake nilidhani amenyamaza kama mimi. Kumbe alisema. Na mimi pia, siku ile kwenye mawe, nilikuwa nimesema, tena kwa sauti ya kuamsha volkano. Ila kiwingu changu kilitoka katika mdomo wa Kasereka.