Korongo Niliyemchonga Uani kwa Jirani

Mwezi uliopita basi letu la Ngara liliharibika Biharamulo, na dereva akatuambia tusubiri mpaka alasiri. Nikashuka, nikapita nyuma ya soko, nikaingia mtaa niliokulia. Nyumba ya jirani yetu wa zamani sasa ni duka la vipuri vya pikipiki. Nilisimama pale, rafiki yangu, kama mtu aliyetumwa akasahau alichotumwa.

Jirani huyo alikuwa mama mfanyabiashara, wa ukoo uliotoka pwani. Mimi niliishi na bibi, Mhangaza wa Ngara aliyeolewa huku. Kila nikitoka shule nilimkuta jirani uani kwake akipiga chapa vitambaa vya meza kwa vibao vya mti vilivyochongwa maua. Ua wote ulinukia iliki na rangi ya nguo. Nilianza kwa kumshikia pindo, baadaye akaniachia kazi ya kupaka rangi kibao kwa kipande cha godoro. Aliniita mwanangu. Mama yangu sikumjua, kwa hiyo neno hilo lilinikaa moyoni.

Siku moja nikamwambia nataka kuchonga ndege. Bondeni Nyarubungo, tulikokuwa na shamba la maharage, walishuka korongo wenye taji la manyoya ya dhahabu. Kwa lugha yake bibi aliwaita imisambi, na hakutaka tuwatupie hata kidonge cha udongo. Walicheza wawili wawili, wakiinamiana kama wakwe wanaosalimiana. Jirani akanipa kipande cha mparachichi kilichokauka na kisu chake kidogo.

"Ukitaka atazame kulia," akanifundisha, "mchonge akitazama kushoto."

Nilichonga likizo nzima. Taji lilinisumbua, unyoya mmoja ukavunjika, nikauacha hivyo hivyo. Tulipokigandamiza kibao mara ya kwanza juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, kisha tukakibandua taratibu, korongo alikuwa pale, shingo imeinama, karibu acheze. Jirani alinikumbatia na rangi zake mikononi. Sare yangu ikapata doa la buluu ambalo bibi alilisugua mpaka akachoka.

Vitambaa vya korongo vilipendwa mjini. Kisha akaja mama mmoja kutoka Mwanza, akakunjua kimoja, akauliza ndege yule kachongwa na nani. Nilikuwa nimeshika pindo la kingine, nikainamisha kichwa kwa haya, nikingoja kutajwa.

"Ni kibao cha marehemu baba," jirani akasema. "Nilikuja nacho kutoka Tanga."

"Na huyu binti?"

"Huyu wa hapo jirani. Hunisaidia kufua."

Sauti yake haikuyumba. Mgeni alipoondoka, akanimiminia chai kama siku zote. Nikamwomba kibao changu.

"Kibao gani, mwanangu?" akasema kwa upole ule ule. "Mti wangu, kisu changu."

Nyumbani nilimweleza bibi huku nalia. Aliendelea kupepeta maharage kwa muda, kisha akasema, "Mwizi wa mbali huvunja mlango. Wa karibu unamfungulia mwenyewe." Hata hivyo, kesho yake asubuhi alinilazimisha nipite kumwamkia. Nikasema shikamoo nikiangalia chini. Akaitikia marahaba, tena kwa furaha, kama vile hakuna kilichotokea. Hilo liliniumiza kuliko uongo wenyewe.

Sikurudi tena uani kwake. Mwaka uliofuata alihama na vibao vyote, na kisu sijakishika tena kwa kazi ile. Bibi amezikwa Nyarubungo. Bonde limelimwa mpunga mpaka ukingoni, na wenyeji wanasema ni miaka sasa korongo hawashuki.

Ukubwani nimenyang'anywa mambo makubwa kuliko kipande cha mparachichi, na nikalala usingizi. Lile bado linanichoma, kwa sababu yule mama nilimpenda. Angeniomba tu, ningempa.