Wimbo wa Mwisho wa Baba kwa Spika Tano

Simpendi mtu anayeniambia "wewe bonyeza tu." Kaka yangu ndivyo alivyoanza. Tulikuwa hatujasemezana miaka minne, tangu ukoo ulipokaa kusoma wosia wa baba, na siku aliyoamua kunipigia hakuuliza hata nimeamkaje. Alisema kumbukumbu ya baba inakaribia, amenunua sabufa mpya yenye spika tano dukani Miembeni, na anataka ile rekodi ya baba akipiga enanga isikike mbele na nyuma, kama alivyosikia muziki kwenye ukumbi mmoja huko Mwanza. Nikamwambia rekodi ile ni ya stirio, ina kushoto na kulia tu, na pande nyingine hazipo. "Si una programu zako," alisema. "Wewe bonyeza tu."

Nilimkatia simu. Mimi ni fundi wa sauti, nina studio ya chumba kimoja Bilele, nyuma ya nyumba ninayopanga. Miaka yote hiyo nimerekodi kwaya za Kilutheri zinazogombania maiki, na vikundi vya kaswida vinavyofika saa mbili baada ya muda tuliopatana. Wote hao huniambia nibonyeze tu, na kila mmoja anadhani ndani ya kompyuta kuna mtu amekaa anangoja kutumwa. Lakini hao si ndugu zangu, nawavumilia.

Kesho yake akapiga mama. Mama haombi. Alisema tu kwamba angependa kumsikia baba yetu akiwa amekaa katikati ya uwanja wake, si akitokea kwenye simu ya mtu. Kwa mama sikuwa na jeuri. Alikuwa anakaa kwa kaka, anakula kwa kaka, na mimi niliamini kila akilala anamwomba Mungu amtoe pale. Nikasema nitaitengeneza.

Nieleze chuki yangu ilikotoka, mtu asije akadhani nilizaliwa nayo. Nyumbani kwetu ni Muleba, mwendo mfupi kutoka Rubya, kwenye kibanja cha migomba na kahawa ambacho babu alimwachia baba. Hicho ni cha ukoo, na cha ukoo hakiendi kwa binti. Hilo nililijua tangu naota meno na sikuwahi kulibishia. Lakini chini ya kibanja, kuelekea kijito, kuna kipande cha kahawa ambacho baba alikinunua mwenyewe kwa jirani, na ulichonunua mwenyewe unampa umtakaye. Baba aliniambia mara nyingi, mara moja mbele ya shangazi, kwamba kahawa ya chini ni yangu. Kila likizo nilishuka kuipalilia na kuipogoa hadi viganja vikatoka malengelenge. Siku ya wosia mzee wa ukoo akasoma: kibanja kwa kaka, na kahawa ya chini kwa kaka. Wazee wakasema marehemu alibadili mawazo wiki zake za mwisho, na saini ni yake. Kaka alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Mwizi huyo, nikasema, na nilisema kwa sauti iliyofika hadi kwa majirani. Mama alikaa kimya. Nikajua anamwogopa mtu atakayemlisha uzeeni.

Rekodi yenyewe niliifanya miezi michache kabla baba hajafa. Alikuwa tayari mgonjwa, akaamua kuwaita ndugu na majirani awapigie enanga mara moja zaidi. Enanga ni gogo lililochongwa likafungwa nyuzi. Mpigaji anaimba habari za watu wa zamani, na kila baada ya mistari kadhaa wasikilizaji wanamwitikia. Sebuleni palitandikwa nyasi. Wanaume walikaa kwenye viti upande wa kulia, wanawake kwenye nyasi upande wa kushoto, mama akiwa wa mbele yao, na baba katikati. Niliweka maiki mbili. Ya kushoto niliitundika karibu mno na wanawake, kwa sababu upande huo ndiko kulikokuwa na msumari. Fundi yeyote angenicheka. Na nusu ya wimbo sikuwemo ndani, nilikuwa nje nagombana na mwenye pikipiki aliyeiacha inanguruma chini ya dirisha.

Sasa hii plagini, yaani programu ndogo inayochomekwa ndani ya programu kubwa ya kurekodia, haina akili wanayoisifia. Kazi yake ni kulinganisha kushoto na kulia. Sauti iliyo sawa pande zote mbili inaipeleka kwenye spika ya mbele katikati. Isiyofanana inaisukuma kwenye spika za nyuma, kwa kuamini kwamba huo ni mwangwi wa ukumbi. Waliotengeneza walifikiria kumbi zao na waimbaji wao. Hawakufikiria nyumba ya Uhayani ambamo wanawake wana upande wao. Kwa hiyo ilimchukua baba ikamweka mbele, safi kabisa, nikasikia hadi kucha zake kwenye nyuzi. Ikawachukua mama na shangazi zangu ikawatupa nyuma pamoja na mlio wa pikipiki.

Nilikasirika, kisha nikafanya anachofanya fundi yeyote. Nilizima spika zote za mbele nisikilize za nyuma peke yake, nijue nini kimepotelea huko. Ilikuwa saa nane mchana, bati linatoa joto, nimevaa hedifoni na jasho linanitiririka shingoni. Baba akapungua, ikawa kama anaimba nyumba ya tatu. Makofi yakapanda. Na chini ya makofi nikasikia watu wawili wanaongea.

Kaka alikuwa amewaletea wanawake lubisi. Nilisikia pombe inamiminwa, nikamsikia anachutama na kuguna, maana magoti yake hayakuwahi kuwa mazuri. Kisha ikaja sauti ya mama, karibu na maiki kuliko mtu yeyote mle ndani, kwa Kihaya, haraka haraka, kwa namna ya mtu anayemalizia jambo lililokwisha zungumzwa.

"Kahawa ya chini utapewa wewe. Nimeshaongea na baba yako, amekubali."

"Na huyu wa mashine?" kaka aliuliza.

"Huyu ana kazi ya mikono yake. Wewe una nini?"

Basi. Baba alipandisha sauti, watu wakamwitikia, na mama akaitikia pamoja nao kwa sauti nzuri kuliko ya mtu yeyote. Miaka minne wimbo wa baba ulikuwa umewafunika wale wawili, na mimi nimeusikiliza mara sijui ngapi, nalia.

Nilirudia kipande hicho mara kumi na kitu. Kila mara nilisikia kahawa ya chini, basi, mengine yote yalipita. Nilikuwa nimemwita kaka mwizi mbele ya ukoo, na kumbe yeye alipokea tu. Aliyeninyima ni yule niliyekuwa namtumia sukari na vitenge kila Krismasi kwa huruma. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilimchukia mama mchana ule kwa chuki ambayo sikujua ninayo, na kaka sikumpunguzia hata kidogo, maana alijua na akanyamaza.

Kuyatoa maneno yale ilikuwa kazi ya dakika tano. Ningekata sekunde zile za kushoto, nikaziba kwa makofi ya mahali pengine, na hakuna sikio Muleba nzima ambalo lingegundua. Sikuyatoa. Nilizishusha spika za nyuma hadi mazungumzo yakabaki mnong'ono, nikajiambia kwamba fundi mwaminifu haghushi rekodi. Uongo mtupu. Nilitaka mama aketi katikati ya uwanja ajisikie, yeye peke yake, ajue kwamba najua.

Siku ya kumbukumbu mchungaji aliomba, akala, akaondoka kabla ya enanga, kwa sababu nyimbo za zamani zinamkera. Kaka alikuwa amepanga spika zote tano barazani, mstari mmoja, zinatazama barabarani. Kwetu ndivyo ilivyo. Iwe msiba, harusi au kipaimara, spika zinatazama barabarani, wapita njia wasije wakasema watu wa pale wamefulia. Nikamwambia sauti ya kuzunguka haipatikani hivyo, mbili lazima ziende nyuma ya wasikilizaji na ziwatazame visogoni. Akasema sikuja kumfundisha mambo nyumbani kwake. Neno hilo, nyumbani kwake, lilinitosha. Nilibeba spika mbili mwenyewe, nikaziweka juu ya meza nyuma ya viti vya mwisho na kuzigeuzia ndani. Kisha nikapima kwa hatua zangu nikakisogeza kiti cha mama mpaka kikawa katikati kabisa.

Baba akaanza kuimba. Kazi yangu niliifanya, hilo hata adui hawezi kuninyima. Baba alikuwa pale, mbele yetu, mzima, anakohoa kabla ya ubeti wa pili kama alivyokohoa siku ile. Wazee waliacha kutafuna punje zao za kahawa. Mama alifumba macho. Makofi ya wanawake yalipomjia taratibu kutoka nyuma aliitikia, yeye wa leo pamoja na yeye wa siku ile, akitabasamu. Nikaona nimefanya unyama. Nikainuka kwenda kwenye kompyuta kuzizima spika za nyuma kabla hatujafika pale.

Kaka aliniwahi. Kwa kaka spika inayonong'ona ni spika mbovu, na yeye alinunua tano, hakuwa tayari watu wasikie tatu. Akaenda moja kwa moja kwenye sabufa, akashika kitufe cha spika za nyuma, akakizungusha hadi mwisho. Nikamwambia aache. Akanigeuzia mgongo, mbele ya ukoo mzima, akasimama kati yangu na mashine na kifua amekitoa.

Kahawa ya chini ikatoka nyuma ya watu wote wale kama tangazo la kijiji. Ikatoka na ile ya huyu wa mashine. Kisha likatoka lile nililokuwa nimelisikia mara kumi bila kulisikia, kwamba wewe una nini.

Alicheka mtu mmoja, upande wa wanaume, akajizuia. Mimi nilikuwa namtazama mama, nangoja aibu yake. Mama alikuwa anamtazama kaka. Kaka alibaki amekishika kile kitufe, hakirudishi wala hakiachii. Ni mtu mwenye mvi, mwenye kibanja na ng'ombe wa maziwa, mwenye watoto wanaosoma, na wote walikuwa wamekaa pale. Jambo ambalo walilijua yeye na mama tu, kwamba alipewa kahawa ile kwa kuhurumiwa, sasa lilijulikana hadi barabarani. Hakumtazama mama tena siku ile. Baba aliendelea kuimba hadi mwisho kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumzima.

Nilipokuwa naondoka kaka alinifuata njiani. Nilijiandaa kwa matusi, na yangu nilikuwa nayo ya kutosha. Hakutukana. Alisema nichukue kahawa ya chini yote, wazee waje waweke mpaka, na juu ya mpaka huo nisikanyage maadamu yeye yu hai. Nikasema sawa. Sikumwomba radhi. Juma lililofuata mpaka ukawekwa, na msimu huu nimevuna mwenyewe, magunia yangu nimeyapitishia kwa jirani.

Mama hakunitafuta hadi mvua zilipoanza. Alipopiga hakuniita kwa jina la utotoni kama kawaida yake. Aliuliza kama rekodi bado ninayo, nikasema ninayo. Akasema anataka ya kwake, ya kusikiliza kwenye simu akiwa chumbani, yenye baba tu. Nikamwambia hilo ni jepesi, nitayakata yale maneno, na mengine yote yatabaki yalivyokuwa.

"Sijasema maneno," mama alisema. "Nimesema mimi. Nitoe humo."

Nilijaribu kumweleza. Sauti yake imechanganyika na za wenzake, nikasema, akitoka yeye wanatoka wote walioitikia, wanawake kwa wanaume. Akasema watoke. Nikaanza kusema neno jingine, neno ambalo nilipaswa kulisema siku ile ya uwanjani, lakini alikuwa ameshakata simu.

Niliifanya alasiri hiyohiyo, kwa plagini ileile. Nilizima za nyuma, nikazima za kushoto na kulia, ikabaki ya mbele katikati. Nikaisikiliza mara moja kabla ya kuituma. Baba anaimba vizuri na kila neno liko wazi. Anafika mahali pa kuitikiwa, ananyamaza, anangoja, kisha anaendelea peke yake.