Kaktasi ya Mama Mkwe Mbele ya Jumuiya

Habari hii jumuiya yetu nzima ya sala hapa Kitandililo inaijua, kwa hiyo afadhali niisimulie mwenyewe kuliko muisikie kwa jirani yangu Mama Neema, maana yeye anasimulia mpaka na mikono. Nilijiaibisha, na hakuna wa kumlaumu, ingawa nilimtafuta sana.

Mama mkwe anakaa Uwemba. Alipokwenda Songea kumhudumia wifi yangu aliyejifungua, aliniachia kaktasi yake ya kwenye chungu, ua nene la miiba ambalo marehemu baba mkwe alimletea wakiwa wachumba (wenzake waliletewa vitenge, yeye miiba, na akaolewa). Akaniambia, "Mwanangu, hili uwe unalisahau. Likikumbukwa sana linakufa."

Nikaona mzee anatania. Ilikuwa mwezi wa sita, baridi ya huku mnaijua, asubuhi majani yameganda meupe, na mimi nina mtoto wa miezi minane, nimezoea kwamba kitu kikinyong'onyea ni baridi. Nikawa nalinywesha maji ya uvuguvugu kila asubuhi, yale yanayobaki nikishamwogesha mtoto (safi jamani, si ya sabuni), halafu nalisogeza karibu na jiko la mkaa. Lilivyozidi kulegea ndivyo nilivyozidi kulinywesha. Mume wangu akasema, "Mama Frida, hilo si kabichi." Nikamwambia akalee la kwake.

Wiki ya tatu shina likawa la kahawia kule chini, ukiligusa kidole kinazama. Juu bado kijani. Hapo ndipo ningepiga simu niseme, mama, linaoza. Sikupiga. Nikasikia anarudi, na Jumamosi jumuiya inasali kwangu, naye atapitiliza mpaka kwangu alichukue ua lake ndipo arudi kwake. Basi nikachonga kijiti cha mwanzi, nikakichomeka ndani ya shina kutoka kwenye udongo mpaka kichwani, ua likasimama kama askari, nikaficha uozo kwa kokoto. Nikaliweka dirishani, mbali na mikono ya watu.

Jumamosi akaingia, akanisalimu, "Kamwene, mwanangu," akaliona, akatabasamu mpaka nikatamani kukimbia. Tukasali vizuri. Ilipofika nafasi ya shukrani, akasimama, akaenda moja kwa moja dirishani akabeba chungu.

"Ndugu zangu, ua hili nilipewa na marehemu mume wangu. Watu waliniambia mabinti wa siku hizi watalitupa. Huyu wa kwangu mtazameni alivyolitunza."

Akataka kuwaonyesha upande wenye machipukizi, akalishika kwa upindo wa kitenge (miiba yake anaijua), akaligeuza. Kichwa kikabaki mkononi. Kijiti kikabaki kimesimama kwenye chungu, kinachuruzika ute, na harufu ya kabichi iliyolala ikajaa sebule.

Halafu Mama Neema, "Kumbe ni mshikaki."

Watu wakacheka, mwenyekiti wa jumuiya akajifanya anatafuta wimbo kitabuni. Nilimkasirikia yule mwanamke mpaka masikio yakaniwasha, lakini ukweli, si yeye aliyechomeka kijiti.

Mama mkwe hakucheka. "Ulijua lini?"

"Wiki iliyopita, mama."

"Wiki iliyopita huku juu lilikuwa zima. Ungekata, ukaacha kidonda kikauke siku kadhaa, ukapanda kwenye mchanga mkavu, lingeota. Kijiti chako ndicho kilichopandisha uozo."

Hakupaza sauti. Bora angepaza, ugomvi nauweza. Nilitaka kusema niliona aibu kumwambia, nikatazama wale watu wote wamekaa kwenye mkeka wangu, nikaona aibu niliyokuwa naikwepa ndiyo hiyo imekuja na viatu vyake.

Akang'oa chipukizi moja dogo ubavuni, la kama kidole gumba, akalichunguza, akalifunga kwenye leso yake. Sikuthubutu kusema niachie nilitunze. Tukaimba wimbo wa mwisho, mimi midomo tu.

Mume wangu anasema limeota, lipo dirishani Uwemba. Mimi sijaonyeshwa na sijaomba. Chungu aliniachia, kimekaa palepale kitupu, na Mama Neema kila akija kuazima chumvi anakitazama. Akitazame tu. Siku nyingine kitu cha mtu kikiniharibikia mkononi nitampigia siku hiyohiyo, anitukane wakati kichwa bado kizima.